Chumvi Iko Palepale

4 Machi

Shikamoo Mjomba,

Natumaini barua hii inakukuta umekaa kwenye kile kiti chako chenye mguu mmoja mfupi, na miwani iko puani, si ndani ya droo unakoitafuta kila siku. Mimi sijambo. Homa ile iliyonilaza mwezi wa kwanza imeisha, ila iliniacha hoi. Nimehamia chumba kingine. Dirisha lake linatazama ukuta, lakini ukuta wenyewe umepakwa rangi vizuri, kwa hiyo silalamiki. Nisalimie jirani yako mshonaji, mwambie gauni alilonishonea bado linasifiwa kazini.

Simu nilipiga mara tatu. Mara zote uliniuliza mimi ni nani, nikakujibu, ukaniambia sauti ya redio ipunguzwe. Ndiyo maana nimeona bora niandike.

Pamoja na barua kuna chupa tatu ndogo. Ni sosi mpya za kiwandani kwetu, hazijapewa hata majina, zina namba tu. Namba tatu ni nyanya na tangawizi, namba nne haradali, namba sita ukwaju. Nataka tucheze mchezo wetu. Unakumbuka? Mama anakaanga, mimi nimefumba macho, wewe unanitia kijiko mdomoni na kuniuliza nini kimezidi na nini kimepungua. Ndipo uliponiita Kaonja, na jina likaninasa mpaka leo. Sasa ni zamu yako. Onja, halafu uniandikie kila kitu: kinachofika kwanza, kinachofuata, kinachobaki mdomoni ukishameza. Usiandike "nzuri" ukaishia hapo. Nieleze kama unavyomweleza kipofu njia ya kwenda sokoni.

Ni mchezo tu, lakini usichelewe kujibu.

Na ukipata ndimu nzuri, nakuomba unitengenezee kichupa kimoja cha pilipili ya mama. Tangu tumzike hakuna anayeijua isipokuwa wewe.

Mpwa wako,
Kaonja


30 Machi

Kaonja mwanangu,

Marahaba. Chupa zimefika salama, zimefungwa vitambaa kama watoto mapacha. Mshonaji alizifungua kwa mkasi wake wa kazi, kisha akanilaumu mimi kwamba mkasi umekuwa butu. Anakusalimu. Anauliza utaolewa lini ili aanze kununua vitambaa. Nimemwambia asubiri, wewe unachagua mume kama unavyochagua nyanya, unaminya kwanza.

Mimi niko vizuri. Nimepungua kidogo, suruali zinanikimbia, mshonaji amezibana mara mbili. Hospitali nilikwenda, wakasema yale wanayowaambia wazee wote. Tuyaache.

Haya, mchezo. Namba tatu: nyanya inaingia kwanza, kwa kelele, kama mgeni asiyebisha hodi. Tangawizi iko nyuma yake inaomba radhi. Waambie hao watu wako tangawizi isiwe na aibu. Namba nne: inapanda puani moja kwa moja, ulimi haiupi hata salamu. Haradali ndivyo inavyotakiwa, nimeipa heshima zote. Namba sita imechemshwa na mtu aliyekuwa akipiga soga. Ukwaju umekaa motoni mno, sukari yake imekaribia kuungua. Mimi nilipikia bweni la wanafunzi miaka thelathini na moja, na harufu hiyo naijua, ilikuwa ikinifuata mpaka kitandani.

Pilipili ya mama yako utapata. Ndimu za sasa zina ganda gumu kama kisigino changu. Subiri kidogo.

Mjomba wako


25 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Tumshukuru Mungu, huku ni wazima. Mama mwenye nyumba amejifungua, kwa hiyo sasa tunalala kwa ratiba ya mtoto. Mshonaji mwambie nyanya nzuri zimeadimika.

Mjomba, maneno yako yamenifurahisha mpaka nikayapeleka kazini. Niliyaingiza kidogo kwenye ripoti yangu, usikasirike. Msimamizi alinirudisha ofisini kwake nimsomee tena ile ya mgeni asiyebisha hodi. Akasema ulimi wangu haujawahi kuwa mkali namna hii. Tangawizi imeongezwa, na moto wa namba sita umepunguzwa.

Kitu kimoja tu. Hukusema lolote kuhusu chumvi. Ilitosha? Na baada ya kumeza, kulibaki nini?

Sasa nakutumia namba tisa. Hii si mchezo mdogo. Ni ndimu na pilipili mbichi, ndimu inasagwa nzima na ganda lake. Kiwanda kizima kinaisubiri, itatoka mwezi wa saba, na neno la mwisho ni langu. Msimamizi ana vidonda vya tumbo, hagusi pilipili hata kwa ncha ya kidole. Wale wa kwenye mashine wanasema ni nzuri, lakini wao wangesifia hata maji ya kuoshea madumu. Wewe ndiye ninayekuamini. Onja polepole. Onja leo, uonje na kesho yake.

Na usiniulize kwa nini nakuuliza wewe wakati chupa ninayo mezani.

Kaonja


2 Juni

Kaonja mwanangu,

Marahaba, na hongera kwa mama mwenye nyumba. Nimechelewa kujibu. Nilikuwa sipo nyumbani siku kadhaa, ni mambo ya hapa na pale. Kiti changu kile hatimaye kimevunjika, bahati nzuri nikiwa sijakikalia. Mshonaji amekifunga kwa utepe wa kupimia nguo, sasa nakalia inchi.

Namba tisa nimeifungua mbele yake, akapiga chafya akiwa mlangoni. Ndimu iko hai kabisa, kama imekatwa sasa hivi. Pilipili mbichi ina ule ubichi wa majani yaliyonyeshewa. Hakuna kilichoungua, hakuna kilichochacha. Mwisho wake ni laini. Chumvi ni ya kawaida. Itoeni tu, watu waile.

Ila nawe una maswali siku hizi. Zamani nilikuwa nikikuuliza mimi, wewe unajibu kabla kijiko hakijatoka mdomoni.

Kichupa cha mama yako hicho hapo. Mikono ni ya mshonaji, maelekezo ni yangu. Anakata kitunguu saumu kana kwamba ni shingo ya shati, vipande vyote sawasawa, dada angecheka sana.

Mjomba wako


28 Juni

Shikamoo Mjomba,

Imefika! Nilikuwa na wali mkavu wa jana, nikaumwagia vijiko vitatu nikiwa nimesimama, sikungoja hata sahani. Nimekula mpaka machozi yakanitoka. Ni yenyewe, Mjomba. Ni mama mtupu. Chumvi yake iko palepale, si zaidi si pungufu, kama alivyokuwa akiipima yeye.

Namba tisa imepita. Niliandika kama ulivyosema: mwisho wake ni laini. Wameshaanza kujaza chupa, nasikia milio ya vifuniko mpaka ofisini.

Uliandika kwamba hukuwa nyumbani siku kadhaa. Ulikuwa wapi? Huna safari wewe.

Mshonaji mpe asante zangu zote.

Kaonja


20 Julai

Kaonja,

Marahaba. Huku hatujambo. Mvua imekuwa haba, kuku wa mshonaji wametaga kwenye kapu la vitambaa.

Nitakuambia jambo, ulisome ukiwa umekaa. Sufuria tuliyopikia ile pilipili ilibaki na vijiko viwili hivi. Mshonaji aliitia kwenye ndizi zake, akanijia amekunja uso. Akasema, "Mzee, hii haina chumvi hata punje." Nilibishana naye. Kisha nikakumbuka kila tulichotia, kimoja baada ya kingine, na chumvi haikuwemo. Nilisahau kumwambia atie. Usiniulize nilisahauje kitu kama hicho katika nyumba yangu mwenyewe.

Niliandaa barua ya kukuomba radhi, na kabla sijaituma ikaja yako. Chumvi yake iko palepale, umesema.

Wewe ulikuwa na miaka sita ulipomwambia mama yako kwamba leo ametumia chumvi ya jirani, si ile yetu. Na kweli alikuwa ameazima. Sasa niambie ukweli, ulimi wako uko wapi?

Mjomba wako


3 Septemba

Mjomba,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya changu. Nilianza barua hii mara nne. Mtoto wa mama mwenye nyumba anakaa sasa, ukimwekea mto.

Umeuliza, nakujibu. Tangu ile homa ya mwezi wa kwanza sisikii ladha wala harufu. Niliamka siku ya tano nikiwa mzima, nikanywa chai, nikadhani wamenipa maji ya moto. Nikatia sukari. Nikatia tena. Daktari wa pua alisema nisubiri miezi sita, ikirudi itakuwa imerudi. Miezi sita ilitimia Julai. Nilirudi kwake, akaandika kwa muda mrefu sana, kisha akaniuliza kama ninaweza kufanya kazi nyingine.

Pilipili ya mama niliijua kwa jinsi inavyowasha tu, kama kofi. Yale machozi yalikuwa ya kweli. Nililia kwa sababu nilijua ni yeye yuko mdomoni mwangu na sikuweza kumpata.

Ndiyo maana nilikutumia zile chupa. Hapa nisingeweza kumwonjesha mtu yeyote, neno lingefika kazini kabla yangu. Nilisema, Mjomba ana ulimi mmoja na mimi sina, tutatumia wa kwake. Niliona hakuna atakayeumia.

Namba tisa imerudi yote. Maduka yameirudisha kwa malori. Ni chungu, Mjomba. Walisaga ndimu pamoja na mbegu, hakuna aliyezitoa. Siku ya kwanza huo uchungu haupo, ndiyo maana wale wa kwenye mashine hawakuujua. Unakuja ukikaa, wiki ya pili, ya tatu. Msimamizi alinipa chupa na kijiko mbele ya watu wote akasema, "Haya, onja, utuambie mwisho wake ni laini?" Nilionja. Sikukunja uso, kwa kuwa sikuusikia ule uchungu. Hapo ndipo wote walipoelewa. Aliniambia niache koti jeupe pale pale kwenye kiti.

Lakini chupa yako wewe ilikaa njiani wiki tatu na zaidi. Ilipofika kwako uchungu ulikuwa umeshakomaa. Kiwandani hawakuwa na mtu ambaye angeujua, ila wewe ungeujua. Nimekaa na jambo hili tangu Agosti na sipati jibu. Mjomba, ulionja?

Kaonja


1 Oktoba

Kaonja mwanangu,

Mwandiko huu ni wa mshonaji, maneno ni yangu. Vidole vyangu vimevimba, kalamu hainikai. Marahaba. Nimelala kitanda cha dirishani, napata jua la asubuhi.

Sikuonja.

Figo zangu zimechoka tangu mwaka jana. Daktari alikataza chumvi, pilipili, ndimu, kila kitu kilichonifanya niitwe mpishi. Mshonaji alilibeba kopo langu la chumvi akaenda kulificha kwake, ndiyo maana halikuwepo mbele ya macho yangu siku ile tulipompikia mama yako. Zile siku za Mei nilikuwa nimelazwa. Chakula changu ni uji mweupe, mtu asiye na kosa hapewi uji ule.

Nilinusa, Kaonja. Chupa zote nne nilifungua, nikanusa, nikaandika. Nilijiambia miaka thelathini na moja jikoni inatosha, pua inajua njia yenyewe. Na kweli inajua. Lakini chumvi haina harufu, na uchungu hauna harufu, na mimi mpishi mzima nilijua hivyo tangu ujana nikanyamaza. Ungesema tu kwamba ulimi wako umekufa, ningetia tone moja ulimini nifie huko. Nilijifanya bado ni mchezo. Nami nilitaka mno uendelee kuniona vile ulivyokuwa ukiniona.

Nimekuharibia kazi. Sina namna ya kulisema jambo hili likapungua.

Sasa sikiliza, maana sijui nitaweza kuongea mara ngapi. Pilipili ya mama yako nakupa yote, uiandike mahali. Pilipili nyekundu thelathini, toa vikonyo. Ndimu kumi, kamua, na mbegu zitoe zote. Dada alizihesabu mezani kama mtu anayehesabu vifungo, na mimi nilimcheka kwa hilo. Kitunguu saumu vichwa viwili. Utakaposikia watu wanasema kaanga mpaka kinukie, wewe usisubiri, sikiliza kwa sikio. Mafuta yakilia kama mvua juu ya bati, bado. Mlio ukikatika, ukabaki tone moja moja, epua hapo hapo. Kisha changanya na pilipili uliyosaga na maji ya ndimu, rudisha moto mdogo mpaka mafuta yajitenge juu, mekundu. Chumvi vijiko viwili, uvisawazishe kwa mgongo wa kisu. Siki kikombe nusu, mwisho kabisa, moto ukiwa umezimwa.

Ipike mara moja angalau. Isiishe na mimi.

Mjomba wako


9 Novemba

Shikamoo Mjomba,

Pole sana. Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama kwenye ngazi, sikuweza kufika chumbani. Sikulaumu. Nilitaka kukulaumu kwa siku mbili hivi, nikajaribu kwa bidii, sikuweza. Tulidanganyana kwa adabu, kila mmoja akimheshimu mwenzake.

Nafanya kazi ya kufunga maboksi kwenye ghala la vyombo vya plastiki. Plastiki haina ladha, sote tuko sawa pale.

Jana nilipika. Nilitoa mbegu zikafika themanini na saba, nikazihesabu mezani. Nilizima redio, nikamwomba mama mwenye nyumba amnyamazishe mtoto, nikasikiliza. Mvua juu ya bati, kisha tone moja moja, nikaepua. Mafuta yalipanda mekundu kama ulivyosema. Nilisawazisha chumvi kwa mgongo wa kisu.

Kisha nikasimama na kijiko, Mjomba, nisijue nikifanyeje. Niliweka ulimini nikapata kofi lile lile. Mama mwenye nyumba alionja akasema tamu sana. Dobi wa chini akasema kali, iongezwe. Nikawashukuru. Lakini wao hawakumjua mama. Wangeniambia nini? Wanaoijua pilipili hii duniani tumebaki wawili, na kati yetu hakuna anayeweza kuionja.

Nakutumia kichupa. Kifuniko nimekiziba kwa nta ya mshumaa ili kisivuje. Kama daktari atakubali, mshonaji akupake ulimini tone moja tu, dogo kama kichwa cha sindano. Kama hatakubali, kiache hivyo hivyo kikae dirishani. Lakini ukiniandikia, safari hii usinidanganye. Nataka kujua kama niliipata.

Kaonja


4 Desemba

Kaonja mwanangu,

Marahaba. Kichupa kimefika. Nimeonja. Ni ya dada, ni yenyewe kabisa, angekuja hapa angedhani ameipika yeye. Chumvi yake iko palepale.

Sasa niache nilale.

Mjomba wako

Mimi ni mshonaji, mwanangu, niliyeandika hayo ya juu. Aliniambia niyaandike kama yalivyo na nisiongeze kitu, nami nimeongeza. Leo ni siku ya nne hapitishi kitu mdomoni, hata maji namlowesha midomo kwa kitambaa. Kichupa chako aliniomba nikiinue kwenye jua la dirishani. Alikitazama sana, akasema rangi ni ile ile. Nikamuuliza nimfungulie, akakataa kwa kichwa, kisha akaniambia nichukue kalamu. Nta yako bado iko juu ya kifuniko, haijaguswa. Mimi sijaionja. Siijui ya mama yako, ningekuambia nini?